Niko Usukani: Rai Kuhusu Simu Ndani ya Gari Kuukuu



Najua ukumbi huu umezoea mizani, vina na vituo, si betri, nyaya na fyuzi. Hata hivyo naomba ruhusa niingize gari uwanjani, tena gari kuukuu, kwa kuwa jambo ninalotaka kulisema limeanzia kwa fundi wa redio na likaishia katika lugha. Siku hizi watu wengi wenye magari ya zamani wanayafunga vifaa vya Bluetooth ili waongee kwa simu bila kuishika. Rai yangu ni kwamba vifaa hivyo vifungwe, maana vina faida. Lakini kitu kilicho muhimu kuliko vyote katika shughuli hiyo hakiuzwi dukani. Ni kauli ya maneno mawili ambayo jamii yetu haijaizoea bado, na ambayo sisi tunaojiita walezi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuizoesha: "Niko usukani."

Nianze na majina, kwa sababu jina likikosewa, matumizi nayo hupotoka. Neno simu lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako sim ni waya. Kwa hiyo simu ya kwanza ilikuwa na waya kwa jina na kwa umbo. Ilipokuja simu isiyo na waya, sisi Watanzania tukaiita simu ya mkononi; majirani zetu wa Kenya wakaiita rununu, na wengine simutamba. Jina letu ni zuri, lakini limebeba mkono ndani yake. Hata kitenzi tulichokichagua ni cha mkono: tunapiga simu, kama tunavyopiga pasi, mswaki na ngoma. Leo chombo ambacho jina lake ni waya hakina waya, na chombo cha mkononi kinatakiwa kisishikwe mkononi. Lugha haioni taabu kubeba vinyume kama hivyo. Sisi wasemaji ndio tunaopaswa kuviona na kujiuliza vinatufundisha nini.

Waingereza hukiita kifaa hiki kwa maneno yenye maana ya "mikono huru". Mtu akitafsiri harakaharaka atapata "simu ya mikono huru", na neno litapita, litazoeleka, litaingia katika matangazo ya biashara. Mimi nalipinga mapema. Silipingi kwa kuwa ni la kuazima, maana Kiswahili kingekuwa maskini bila kuazima. Nalipinga kwa sababu linasifu kiungo kisichohusika. Ajali inayoletwa na simu haitokani na mkono peke yake. Mkono ukiwa huru na akili ikiwa mateka, dereva hajapata uhuru wowote. Jina linalomwambia kwamba yuko huru linamdanganya, na uongo unaosemwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hugharimu uhai.

Badala yake napendekeza tukiite kisemeo cha gari. Sidai kwamba neno kisemeo nimelibuni. Kila mwalimu wa Kiswahili anaujua muundo wake: kitu cha kuchochea ni kichocheo, kitu cha kuegemea ni kiegemeo, na kitu cha kusemea ni kisemeo. Jina hilo linataja kazi ya kifaa, halafu linanyamaza. Haliahidi usalama ambao kifaa chenyewe hakiwezi kuutoa.

Na anayeona aibu kwamba Kiswahili kihangaike kutafuta jina la kidude kama hiki, akumbuke asili ya jina Bluetooth. Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyesifika kwa kuunganisha watu wa Denmark na wa Norway, alikuwa na lakabu ya Jino la Buluu. Mwaka 1997 mhandisi Jim Kardach wa kampuni ya Intel alilipendekeza jina hilo, kwa kuwa teknolojia waliyokuwa wakiiunda ilikusudiwa kuunganisha vyombo mbalimbali kama mfalme yule alivyounganisha watu wake. Alama yake tunayoiona kwenye simu ni herufi mbili za maandishi ya kale ya Skandinavia, ya H na ya B, zilizopandanishwa. Wahandisi wa kisasa hawakuona haya kuchota katika ghala la hadithi za kale. Basi na sisi tusione haya kuchota katika ghala letu.

Sasa nije kwenye gari. Langu ni Toyota iliyoundwa mwaka 2003, ikatumika Japani, kisha ikavuka bahari kuja kwetu. Nilipostaafu kufundisha nilikuwa nimekwisha kuizoea, na sina nia ya kuibadilisha. Wenye magari ya namna hii wanajua kwamba zipo njia kama nne za kuyapatia kisemeo.

Njia ya kwanza ni kifaa chenye betri, spika na kinasa sauti chake chenyewe, kinachobanwa kwenye kile kibao cha kuzuia jua juu ya kioo cha mbele. Hakihitaji fundi wala waya. Ya pili ni kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, kikachukua umeme wa volti 12 na kurusha sauti kwa masafa ya FM hadi kwenye redio ya gari. Hiki ni rahisi, lakini kina mtego kwetu sisi wenye magari ya Japani. Redio nyingi za magari hayo husikia megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali vituo vyetu vimeenea mpaka 108. Kwa hiyo ukikiweka kifaa kwenye 98 au 104, redio yako haitakisikia hata ukiomba dua. Kitafute kati ya 87.5 na 90, mahali ambapo hakuna kituo cha karibu. Ya tatu ni kipokezi kidogo kinachounganishwa kwa waya na tundu la sauti la redio, kama redio yako inalo. Ya nne ni kuing'oa redio yote na kuweka mpya yenye Bluetooth ndani yake. Hapo pima kwanza, maana redio nyingi za Toyota zina upana wa milimita 200, ilhali kipimo cha kawaida cha redio za dukani ni 180, na fundi asiyejali atakuachia pengo pembeni.

Katika njia zote nne kuna swali moja ambalo muuzaji hapendi kuulizwa: je, kifaa hiki kinabeba mazungumzo, au muziki tu? Katika Bluetooth hizo ni kazi mbili tofauti. Kipo kifaa kitakachokuimbia taarabu kuanzia Tanga hadi Segera, lakini simu ikiingia kinaduwaa, kwa kuwa hakina kinasa sauti. Na kikiwa nacho, angalia kimekaa wapi. Kinasa sauti kinatakiwa kiwe karibu na kinywa cha dereva, mbali na dirisha na mbali na matundu ya feni. Sauti ya simu ya kawaida hukatwa juu na chini, hubaki kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, na konsonanti kama f na s, ambazo uhai wake uko katika mivumo ya juu, huchanganyika. Ukimwambia fundi kwamba gari linafuka, huenda akasikia kwamba linasuka. Mshairi anayejua thamani ya konsonanti moja atanielewa.

Kifaa changu ni cha njia ya pili, na kinafanya kazi. Gari linapowashwa hutamka kwa Kijapani habari za kadi ambayo haijawahi kuwamo tangu nilinunue. Kifaa nacho hutangaza kwa Kiingereza kwamba kimeunganishwa. Kisha mimi na mwenzangu tunaongea Kiswahili. Huo ndio ukumbi wa lugha ninaosafiri nao.

Lakini kufanya kazi si sawa na kuwa salama, na hapa ndipo rai yangu inapoanzia. Mwaka 1997 watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi wao wa madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa na simu na waliopata ajali. Waliona kwamba hatari ya kugonga wakati wa kuongea na simu ilikuwa takriban mara nne ya hatari ya kawaida, na kwamba simu zisizoshikwa hazikuonyesha nafuu yoyote ya maana juu ya zile za kushikwa. Shirika la Afya Duniani linatoa onyo hilohilo hadi leo. Sheria, kwa upande wake, imeukamata mkono. Uingereza ilipiga marufuku kushika simu ukiendesha tangu Desemba 2003, na tangu Machi 2017 mkosaji hutozwa pauni 200 na kuandikiwa alama sita katika leseni yake. Lakini anayeongea bila kushika haguswi kwa kosa hilo. Sababu yake ni wazi. Askari barabarani anauona mkono, lakini haioni akili.

Hesabu yenyewe haihitaji chuo kikuu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Mpigaji akikuuliza, "Ile hati ya kiwanja uliiweka wapi?" akili yako huondoka barabarani, huingia nyumbani, hufungua kabati, hupekua. Sekunde tatu tu za kupekua na gari limekwenda mita 66 bila mwenyewe. Macho yalikuwa wazi, mikono ilikuwa usukani, ila dereva alikuwa kabatini.

Pengine utaniuliza: mbona abiria anaongea na dereva siku zote? Tofauti ni kwamba abiria anaona. Lori likijitokeza kwenye kona, abiria hunyamaza kabla hujamwomba, ng'ombe wakivuka, hukatiza kisa chake na kusema, "Angalia." Ukimya wake ni sehemu ya mazungumzo. Mpigaji simu yuko barazani na kikombe chake cha kahawa, haoni lori wala ng'ombe, naye huendelea na kisa, tena hukudai jibu: "Haloo? Mbona kimya?" Si mtu mbaya. Hajui uko wapi tu, na hakuna aliyemwambia.

Hapa lugha yetu ina mzigo wake wa pekee. Sisi ni watu wa salamu. Mkubwa huamkiwa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za afya, za mashamba, na mgonjwa wa mwezi uliopita naye hana budi kuulizwa hali yake. Mwenye kuingia kwenye haja yake moja kwa moja huonekana hana malezi. Ni mila nzuri, na mimi niliyeitetea darasani miaka yote ile siwezi kuiasi uzeeni. Lakini mila hiyo ilijengwa barazani na njiani kwa miguu, ambako wawili wakisalimiana husimama wote wawili. Haikujengwa kwa mtu mmoja aliyekaa na mwingine anayekwenda mita 22 kwa sekunde. Kumbe anayemwua dereva huenda asiwe adui yake. Huenda akawa shemeji anayeuliza kwa upendo habari za wajukuu.

Je, tumwambie dereva amkatie shemeji simu? Hatafanya hivyo, maana malezi yatamzuia. Sheria haitafika hapo, na kifaa hakiwezi kusaidia. Kitakachofika ni lugha, kwa sababu lugha yetu inajua kutengeneza mlango wa heshima mahali ambapo adabu mbili zinagongana. Tazama hodi. Mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa huenda zake, wala hanuni, maana mila imempa neno la kuombea na imempa mwenye nyumba haki ya kutoitika. Hakuna anayesema, "Nilipiga hodi kwake akanidharau." Simu nayo hupigwa kama hodi, lakini tumeipokea bila adabu ya hodi. Simu isiyopokewa huwa kesi: "Nimekupigia mara tano! Una nini na mimi?" Tumechukua chombo tukaacha kukitungia adabu yake.

Kwa hiyo napendekeza kauli na jibu lake, kama shikamoo na marahaba. Dereva akipokea simu aseme kabla ya salamu yoyote, "Niko usukani." Mpigaji aitikie, "Fika salama," kisha akate simu yeye mwenyewe. Maneno manne kwa jumla. Hakuna aliyevunjiwa heshima, hakuna aliyekatiwa maneno. Na tukubaliane kwamba anayeendelea kuongea baada ya kuambiwa "Niko usukani" ndiye aliyekosa adabu, sawa na anayesukuma mlango baada ya kutoitikiwa hodi.

Nimelichagua neno usukani kwa makusudi. Lilitoka Kiarabu, likatufikia likiwa la chombo cha baharini kabla gari halijaonekana katika pwani hii. Aliyeshika usukani wa jahazi alikuwa amebeba roho za watu na mali zao, na hakuna msafiri mwenye busara aliyemtaka gumzo wakati chombo kinapita penye miamba. Neno limehamia garini pamoja na uzito wake. Mtu akisema "niko njiani" anaweza kuwa anatembea, au amekaa ndani ya basi akila karanga. Akisema "niko usukani" amesema kwamba kuna roho mikononi mwake.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni moja tu, kuzima simu unapoingia garini. Nawaheshimu, na anayeweza afanye hivyo. Mimi siwezi. Mwenzangu ana kisukari, na mara mbili sukari imemshuka nikiwa safarini, nyumbani hakuna mtu mzima. Simu yake ni lazima nipokee, na sitaki kuipokea kwa mkono mmoja nikitafuta kitufe kwa macho. Ndiyo maana nilikifunga kisemeo, na sijuti. Lakini yeye na mimi tumewekeana mpango. Akipiga nasema, "Niko usukani, mama." Kama ni jambo la kungoja, husema, "Fika salama, mwalimu," na simu inakatika. Kama si la kungoja, husema neno moja, "Dharura." Hapo siulizi kitu. Nawasha taa ya kuashiria, natafuta pembezoni mwa barabara palipo salama, nasimama, ndipo naongea naye. Gari likiwa limesimama, naweza kumsikiliza kwa akili yangu yote, na mgonjwa anastahili akili yote, si mabaki ya akili.

Utaona kwamba kifaa kilifanya kazi ya sekunde tatu tu, nayo ni kubwa: kimeniwezesha kujua kama nisimame au niendelee. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi yake sahihi. Kisemeo cha gari ni mlango wa kupigia hodi. Si baraza la kukalia.

Waliosoma mpaka hapa wasidhani namsema dereva wa gari la nyumbani peke yake. Yupo dereva wa daladala ambaye tajiri wake humpigia kila saa kuulizia hesabu ya siku, na dereva wa lori ambaye mwenye mzigo humpigia kumwuliza amefika wapi. Hao hawana uhuru wa kutopokea, maana kazi yao iko mashakani. Kuwauzia kifaa cha mikono huru bila kumfunza anayewapigia ni kumhamishia mnyonge lawama yote. Tajiri ampigie konda, mwenye mzigo ampigie utingo. Na asipokuwepo wa kumpokelea, dereva akisema "Niko usukani" iwe ni kinga yake kazini, kauli ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuigeuza kuwa utovu wa nidhamu.

Najua neno halienei kwa kuandikwa mara moja na mzee mmoja. Huenea kwa kutumiwa, na hutumiwa upesi likiingia katika wimbo, katika shairi, katika mchezo wa redio. Hiyo ni kazi yenu, malenga. Mimi nimeweka ubeti mmoja wa tarbia, mizani kumi na sita, ili kufungua njia. Wenye vipaji zaidi waukamilishe au waujibu:

Simu yangu ikilia, mimi niko usukani,
Maneno nitakwambia, nikishafika nyumbani,
Usidhani nakimbia, wala sina kisirani,
Macho nimeipa njia, ulimi nimeufunga.

Mwenye gari kuukuu asione haya kulifunga kisemeo. Anunue kilicho na kinasa sauti, akiweke karibu na kinywa, atafute masafa ambayo redio yake inayasikia. Kisha awafundishe wanaompigia yale maneno mawili, na yeye mwenyewe, anapompigia mwingine akajibiwa hivyo, asimwulize habari za watoto. Aseme tu, "Fika salama," akate, angoje. Salamu hazitaoza. Atazikuta jioni, kamili, kwa mtu aliyefika.